Sura ya Tano: Barua Iliyokuja Nyuma ya Telegramu

Askari wa anga aliyerusha ndege za mabomu kutoka Uingereza kati ya 1940 na 1945 alipigana vita visivyofanana na vya mwenzake yeyote. Mchana alikuwa kwenye kituo cha mashambani, Lincolnshire au Norfolk au Yorkshire, ana kitanda chenye shuka, ana baiskeli ya kumfikisha baa ya kijijini, ana chai ya alasiri. Usiku alikuwa futi 20,000 juu ya Ujerumani, kwenye baridi inayogandisha mvuke wa pumzi ndani ya barakoa ya oksijeni, huku kurunzi na mizinga vikimtafuta. Akirudi alikula yai akalala. Asiporudi, vitu vyake vilikusanywa na kitanda chake kikapewa mgeni.

Barua zake nazo zilikuwa za peke yake. Familia ya askari aliyepelekwa Burma au Misri ilijua kwamba barua yake imekaa njiani wiki na wiki, ikaisoma kwa tahadhari: alikuwa mzima siku ile, ya leo anayajua Mungu. Lakini barua iliyotoka Lincolnshire ilifika nyumbani kesho yake au kesho kutwa. Kijana aliiandika baada ya chakula cha mchana, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta, na usiku ule ule akaruka. Telegramu ilikwenda mbio kuliko posta. Ndivyo mama alivyoweza kusoma asubuhi kwamba mwanawe hajulikani alipo, kisha baadaye akapokea bahasha yenye mwandiko wa mwana huyo huyo, ndani yake anasema hajambo, chakula si kibaya, na kama kuna soksi nene zitumwe.

Wengi huziendea barua za vita kama ushahidi wa vita. Kwa barua za askari wa anga, nadhani hilo ni kosa. Wengi wao hawakuandika ili kueleza yaliyotokea. Waliandika ili mtu wa nyumbani apate usingizi. Rubani aliyeona ndege ya rafiki yake ikilipuka jirani yake aliketi kesho yake akaandika juu ya hali ya hewa, na mama yake, ambaye redio ilikwisha kumwambia ni ndege ngapi hazikurudi, alimjibu juu ya kuku na bustani. Kila mmoja alijua mwenzake anajua. Katika watu wapatao 125,000 waliorushwa na kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa. Kabla ya kupumzishwa, mtu alitakiwa kumaliza safari 30 za vita. Hesabu kama hiyo haiandikiki kwenye barua ya kwenda kwa mzazi.

Mfano mmoja wa uandishi huo unapita Dar es Salaam. Mwaka 1938 kijana wa miaka 22 aliteremka huko kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Jina lake Roald Dahl, mzaliwa wa Wales, wazazi wake Wanorwe. Sifa ya vitabu vya watoto ilikuwa bado mbele sana. Baba yake alifariki mwaka 1920, na mama yake, Sofie Magdalene, akalea watoto peke yake. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, Dahl alikabidhiwa askari wa Kiafrika wa kuwazuia Wajerumani wa Tanganyika wasitoroke kwa barabara ya kusini. Miezi miwili baadaye aliendesha gari hadi Nairobi akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza.

Tayari alikuwa mwandishi wa barua mzoefu. Aliianza kazi hiyo mwaka 1925, akiwa na miaka 9, katika shule ya bweni ya St Peter's huko Weston-super-Mare. Kila Jumapili wavulana waliketi kuandika nyumbani, na mwalimu mkuu alipita nyuma yao akichungulia mabegani, akisahihisha tahajia. Katika kitabu chake Boy, kilichotoka 1984, Dahl anaeleza kwamba mtoto hakuthubutu kulalamikia chakula wala kiboko, kwa sababu aliyelalamikiwa alikuwa amesimama pale pale. Kwa hiyo mkaguzi wa kwanza wa barua zake hakuvaa sare ya jeshi. Alipofika Misri na Iraki, ambako barua za askari zilikaguliwa ili zisitaje mahali, kikosi wala mwendo wa ndege, kijana huyu alikuwa na miaka mingi ya mazoezi ya kumwandikia mama yake mbele ya jicho la mtu wa tatu.

Barua za Nairobi zina furaha tele. Alijifunzia urubani kwenye ndege ndogo ya mabawa mawili, Tiger Moth, iliyo wazi juu. Kwa kuwa alikuwa na urefu unaokaribia mita mbili, kichwa chake kilijitokeza kwenye upepo. Alipita juu ya mbuga akawaona wanyama kwa namna ambayo mwenyeji wa Kent hakuwahi kuota. Mama alipata habari hizo. Asichopata ni hesabu ambayo mwanawe aliifanya baadaye maishani: vijana walioanza naye Nairobi walikuwa 16, na anasema 13 kati yao walikufa angani ndani ya miaka miwili.

Tarehe 19 Septemba 1940 Dahl alitumwa kupeleka ndege aina ya Gladiator kwa kikosi chake kipya, nambari 80, katika jangwa la Misri. Mahali alipoelekezwa hapakuwa na uwanja wowote. Mafuta yakapungua, giza likaingia, akajaribu kutua kwenye mawe. Fuvu lilipata ufa, pua ikavunjika, na kwa wiki kadhaa hakuona kitu. Alilazwa hospitalini Alexandria. Barua ya kumsimulia mama mkasa huo kwa kirefu ni ya Novemba, wakati tayari ameanza kuinuka kitandani. Kwa maoni yangu, tarehe hiyo inatufundisha mengi kuliko maneno yenyewe. Alisubiri hadi hadithi iwe na mwisho mwema, ndipo akaisimulia. Mama alipewa ajali na kupona katika bahasha moja.

Aprili 1941 alikuwa Ugiriki, katika kundi dogo la ndege za Hurricane lililotupwa mbele ya jeshi kubwa la anga la Ujerumani. Tarehe 20 mwezi huo, katika mapambano juu ya Athens, aliuawa Pat Pattle, mmoja wa marubani hodari kabisa wa upande wao. Simulizi kamili ya siku zile Dahl aliitoa mwaka 1986 katika kitabu Going Solo, miaka 45 baadaye, wakati mama aliyekuwa akimlinda kwa ukimya ameshakuwa kaburini.

Waswahili wa zamani walifungua barua kwa maneno yanayojulikana: mimi mzima, hofu ni kwako tu. Kwa Dahl maneno hayo yangekuwa kweli tupu. Nyumba ya mama yake ilikuwa Bexley, Kent, chini kabisa ya njia ya ndege za Ujerumani zilizokwenda kuipiga London mwaka 1940. Kwa miezi kadhaa rubani alikuwa mbali na mapigano na mama alikuwa chini ya mabomu, na ni mtoto aliyeandika akisihi familia ihame. Hatimaye walihamia kijiji cha Grendon Underwood. Tumezoea kufikiri kwamba katika barua za vita hofu hutoka nyumbani kwenda mstari wa mbele. Kizazi hicho cha Waingereza kilipata kuiona ikirudi kinyume.

Sofie Magdalene alizitunza barua hizo zote, zaidi ya 600, tangu za shule hadi za miaka ya 1960, akazifunga mafungu kwa utepe wa kijani bila kumwambia mwanawe. Dahl alikabidhiwa baada ya mama kufariki mwaka 1967. Zilizochapishwa mwaka 2016 katika kitabu Love from Boy, chini ya uhariri wa Donald Sturrock, zina sauti moja, ya mtoto. Na hivyo ndivyo ilivyo kwenye makusanyo mengi ya aina hii: tunamsikia kijana, hatumsikii aliyemjibu. Askari aliyehamishwa kutoka hema hadi hema, aliyeanguka na ndege, aliyekimbia uwanja uliopigwa mabomu, hakuwa na kabati la kutunzia barua. Mama alikuwa nalo. Kwa hiyo historia imempa sauti aliyeondoka, na aliyebaki nyumbani akiandika kila wiki amepotea na karatasi zake.

Barua za Mashariki ya Kati zilikuwa na balaa jingine. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, bahari ya Mediterania ikawa haipitiki kwa meli za posta. Barua zikalazimika kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, mwendo wa miezi. Mtu aliuliza hali ya mtoto mgonjwa, jibu likamkuta yeye mwenyewe ameshazikwa. Ndege zilikuwepo, ila nafasi ndani yake ilihesabiwa kwa gramu.

Suluhisho lililopatikana lilitoka kwa watu wa Kodak, na bado linanishangaza. Mwandishi alijaza fomu moja, upande mmoja, akaikabidhi posta. Fomu ilipigwa picha kwenye filamu ya milimita 16, filamu ikapakiwa ndegeni, na huko iendako kila barua ikasafishwa kama picha ndogo isiyozidi kiganja, ikatiwa bahasha na kusambazwa. Barua 1,600 ambazo kwa karatasi zingekuwa na uzito wa kilo 23 hivi, kwenye filamu zilikuwa gramu zipatazo 150. Kundi la kwanza liliondoka Cairo Aprili 1941 na kufika Uingereza Mei. Nairobi nayo ilipata huduma hiyo mwaka huo huo. Fomu zenyewe zilihifadhiwa hadi habari ije kwamba filamu imefika. Ndege ikianguka, zilipigwa picha upya. Hadi huduma ilipofungwa 1945, barua zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimesafiri hivyo. Wamarekani walianzisha mfumo kama huo Juni 1942.

Faida yake haina ubishi, lakini mapenzi yalipungukiwa kidogo. Fomu ilikuwa wazi kwa karani, kwa mkaguzi na kwa mpiga picha. Haikubeba ua lililokaushwa, wala nywele za mtoto mchanga, wala harufu ya nyumba. Mwandiko wenyewe ulifika umesinyaa, wazee wakausoma kwa kioo cha kukuzia.

Na tusisahau kwamba usiri wa barua ni jambo ambalo maelfu ya familia za Afrika Mashariki hazikupata kabisa katika vita hivyo hivyo. Askari wa King's African Rifles aliyekuwa Burma mwaka 1944, ikiwa hakujua kusoma, alimtamkia mwenzake maneno, afisa akayakagua, na kule kijijini barua ikasomwa na mwalimu au katekista mbele ya jamaa. Mke alisikia salamu za mumewe kwa kinywa cha mwanamume mwingine, ukoo mzima umekaa. Nani angeandika kwamba anaogopa?

Ilikuwepo aina moja ya barua ambayo mwandishi alitumaini haitatumwa kamwe. Marubani wengi waliiacha miongoni mwa vitu vyao, ipelekwe nyumbani endapo hawatarudi. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Vivian Rosewarne, rubani msaidizi wa ndege ya Wellington katika kikosi nambari 38, kituo cha Marham, Norfolk. Alikuwa na miaka 23. Ndege yake iliangushwa Ubelgiji mwishoni mwa Mei 1940, wakati jeshi la Uingereza likiokolewa kutoka fukwe za Dunkirk. Barua kwa mama yake haikufungwa, ili mkuu wa kituo ahakikishe kwamba haina siri. Mkuu huyo akaisoma, ikamgusa, akaomba ruhusa ya mama kuichapisha. Gazeti la The Times liliitoa tarehe 18 Juni 1940 bila jina, siku ile ile ambayo Winston Churchill aliliambia Bunge kwamba vita vya kuipigania Uingereza viko karibu kuanza. Maombi ya nakala yakamiminika. Hadi mwisho wa mwaka kijitabu chake kilikuwa kimeuzwa nakala 500,000, na mwaka 1941 Michael Powell akaitengenezea filamu fupi ambamo John Gielgud anaisoma. Baadhi ya watu walishuku kwamba ni propaganda iliyotungwa ofisini, ndipo jina la mwandishi likatangazwa.

Ndani yake kijana anamwomba mama asimlilie, anasema amemaliza kazi yake, na anaisifu himaya ya Uingereza kwa haki na uhuru inaowapa watu wake. Mwafrika hawezi kupita sentensi hiyo haraka. Mwaka huo wanaume Waafrika wa Nairobi walitembea na kipande cha utambulisho shingoni, na hakuna aliyewauliza habari ya uhuru huo. Hata hivyo naamini kwamba kijana alimaanisha. Alihitaji sababu kubwa ya kumwachia mama yake kama urithi, akachukua iliyokuwa karibu. Kinachoniuma ni kingine. Barua ya mwana pekee kwa mama yake ilisomwa kwanza na kamanda, kisha na mhariri, kisha na taifa zima, na mama akatakiwa kuwa mfano wa ushujaa hadharani kabla hata hajazoea nyumba iliyo kimya.

Waliobaki kituoni walikuwa na barua zao za kuandika. Ndege isiporudi, telegramu ilitumwa, kisha kamanda wa kikosi aliandika kwa mkono wake au kwa msaada wa msaidizi wake. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, kikosi nambari 617 kilishambulia mabwawa ya bonde la Ruhr kwa ndege 19 aina ya Lancaster. Nane hazikurudi. Kati ya watu 133 waliokwenda, 56 walikosekana: 53 wamekufa, 3 wametekwa. Guy Gibson, kamanda wa miaka 24 ambaye nchi nzima ilikuwa ikimshangilia, alirudi mezani na msaidizi wake Harry Humphries kuwaandikia jamaa za watu 56. Wengi wao aliwafahamu kwa wiki chache tu. Muundo wa barua ulikuwa mmoja, akiongeza neno lake pale alipomjua marehemu.

Wakati huo huo kamati ndogo ilipekua kabati la aliyekosekana. Waliorodhesha sare, wembe, fedha, wakasoma barua alizotunza. Zilizotoka kwa mwanamke ambaye mke hakumjua waliziondoa, na chochote cha kumwongezea mzazi uchungu walikichoma. Baada ya hapo sanduku lilipelekwa ghala la Colnbrook, karibu na London, likasubiri hadi hatima ya mwenyewe ijulikane. Barua za nyumbani zilizofika amekwisha kupotea zilirudishwa kwa aliyeziandika, na maelezo mafupi kwamba mwandikiwa hajulikani alipo.

Waliokamatwa waliandika kwa kipimo: idadi maalumu ya barua na kadi kila mwezi, kwenye karatasi za kambi, zikapita kwa wakaguzi wa Kijerumani kisha wa Kiingereza. Baadhi yao walikuwa wamefundishwa na idara ya ujasusi iliyoitwa MI9 kuficha taarifa ndani ya salamu. Mpangilio wa maneno ulifuata hesabu ya siri, sentensi zikapinda kidogo, na habari za kambi zikafika London ndani ya barua iliyoanza kwa kumuulizia shangazi.

Vita vilipokwisha, watu zaidi ya 41,000 wa jeshi la anga la Uingereza walikuwa hawajulikani walipo. Kabla ya kuruka waliamriwa kutoa mifukoni barua na kila karatasi, adui asije akajua kituo chao. Vibao vyao vya shingoni havikuwa vya chuma, na moto uliviteketeza. Wanakijiji wa Uholanzi, Ufaransa na Ujerumani walizika maiti nyingi zisizokuwa na jina. Idara maalumu ya kuwatafuta ilifanya kazi hadi 1949, ikifukua makaburi na mabaki ya ndege, ikisoma alama za dobi kwenye kola, pete na vyeo vilivyoshonwa begani. Familia ziliendelea kuandika, sasa kwa makarani wasiowafahamu. Zilieleza rangi ya nywele, jino lililozibwa, kovu la utotoni, sweta iliyofumwa na mama mwenyewe. Maelfu ya makaburi yalipata majina kwa njia hiyo. Wale ambao kaburi lao halikujulikana, zaidi ya 20,000 kutoka Uingereza na nchi za himaya yake, majina yao yamechongwa Runnymede, kwenye kilima juu ya mto Thames, katika jengo la kumbukumbu lililofunguliwa Oktoba 1953.